Muulize Nesi: "Hajala, asichome" na mengine ya siku za kuumwa

Kipupwe kimeingia, na barua za mafua zimekuja nacho. Nilikuwa nimepanga ukurasa huu uwe wa vidonda vya miguu, lakini barua nyingi mlizoniletea tangu toleo lililopita zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mwenye kisukari akipatwa na ugonjwa mdogo tu, homa, kikohozi au tumbo la kuendesha, dawa zake azifanyeje? Barua nimezifupisha na majina nimeyaondoa, kama kawaida yetu.

SWALI

Shikamoo Bibi Nesi. Nina miaka 21, nasoma chuo Dodoma, na nina kisukari cha aina ya kwanza tangu nikiwa darasa la sita. Nachoma insulini ya muda mfupi kabla ya kula na ya muda mrefu usiku. Mwezi uliopita nilishikwa na mafua makali na homa. Mchana harufu ya chakula tu ilinitapisha. Nikaona kwa kuwa sijala, nikichoma sukari itashuka nizimie hosteli. Shangazi naye akaniambia kwenye simu nisichome mpaka nile. Kwa hiyo usiku sikuchoma. Usiku wa manane nikawa natapika hata maji, tumbo linauma. Asubuhi mashine ikasoma 19.4! Nililazwa, nikawekewa dripu na insulini. Sukari hiyo ilitoka wapi wakati sikula kitu? Na nikiumwa tena nifanyeje? – *Mwanafunzi, Dodoma*

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Shangazi yako alikutakia mema. Lakini hilo la "hajala, asichome" nimelipiga vita miaka yote niliyokaa kliniki ya kisukari hapa Tanga, nikastaafu nikaliacha palepale, zima na afya yake. Kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza lina hatari kuliko sinia zima la pilau.

Sukari ilitoka kwako mwenyewe. Ini huweka akiba ya sukari, na akiba ikipungua linajua kutengeneza nyingine. Mwili unapopambana na homa humwaga homoni za dharura, adrenalini na kotisoli zikiwemo. Homoni hizo zinaliamrisha ini litoe sukari, na papo hapo zinaipunguzia insulini nguvu. Mtu mwenye kongosho zima huongeza insulini yake bila hata kujua. Kongosho lako halina cha kuongeza. Ukiiacha na ile ya sindano, sukari inajaa kwenye damu huku misuli ina njaa. Mwili unageukia mafuta, na mafuta yakitumika kwa mtindo huo yanaacha tindikali tunazoziita ketoni.

Ketoni zikizidi huleta kiu isiyokatika, kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma, kupumua haraka na kwa kina, na pumzi yenye harufu ya matunda yaliyoiva mno au ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Kule kutapika kwa mchana nakubali kulikuwa kwa homa. Kule kwa usiku wa manane sidhani kama yalikuwa mafua tena.

Sasa la kufanya. Insulini ya muda mrefu, ile ya usiku, haiachwi, ule usile. Kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari ovyo, na ini halilali kwa sababu wewe hujala. Kama vipimo vyako vimekuwa vya chini, kliniki wanaweza kukupunguzia kiasi, lakini hawaifuti. Ile ya muda mfupi ndiyo inayofuata mashine. Hujala na sukari iko chini? Unairuka kwa mlo huo. Hujala na sukari iko 15? Huenda ukahitaji kuchoma, pengine hata zaidi ya siku za kawaida. Zaidi kiasi gani, sitakutajia hapa, maana yuniti zinazomtosha mwenzako zinaweza kukuzimisha wewe. Nenda kliniki ukiwa mzima, mwombe daktari akuandikie kwenye daftari: sukari ikisoma kati ya hapa na hapa, choma yuniti kadhaa. Ukurasa huo uukunje kona uupate hata ukiwa na homa ya kuona mawili mawili.

Pima kila baada ya saa tatu au nne, na usiku pia. Tega kengele ya simu. Najua stripu ni ghali na watu wanazihesabu kama hela. Ndiyo maana huwa nawaambia vijana wawe na kichupa kimoja kisichofunguliwa, cha siku za kuumwa tu, na wakiangalie tarehe kila wanapokiona. Kabla ya kujitoboa, nawa mikono kwa sabuni uikaushe vizuri. Hapa kwetu msimu wa machungwa ya Muheza nilikuwa nikiona maajabu: mtu anakaa kwenye benchi anamenya chungwa akisubiri zamu, anafika mezani anasoma 20, anatumwa bombani anarudi na 9. Fikiria mtu huyo angechomwa insulini kwa ile 20.

Vijiti vya kupima ketoni kwenye mkojo vinauzwa kwenye maduka makubwa ya dawa. Unakichovya, unahesabu sekunde zilizoandikwa kwenye kichupa, kisha unalinganisha rangi. Ikibaki ileile ya mwanzo hakuna ketoni; ikigeuka waridi zipo kidogo; ikiwa zambarau iliyokolea zimejaa. Pima hizi kila sukari ikifika 15, na kila ukianza kutapika hata kama sukari si kubwa hivyo. Kijiti kikionyesha alama mbili za kujumlisha au zaidi, usingoje kukuche. Mwenye bahati ya mashine ya kupima ketoni za damu, chini ya 0.6 ni kawaida, ikifika 1.5 piga simu kliniki, ikifika 3 unakwenda hospitali saa hiyohiyo.

Kunywa kikombe kidogo kila saa. Ukiwa unatapika, vijiko viwili vitatu kila baada ya dakika chache. Sukari ikiwa juu, kunywa maji, supu, chai ya rangi isiyo na sukari. Ikiwa chini ya 10 na chakula hakipiti, hapo uji mwembamba wenye sukari, maziwa au juisi vinaruhusiwa, kwa mafunda madogo, ili insulini uliyochoma ikute cha kufanyia kazi. Wenye moyo kushindwa kazi au figo mbovu wafuate kiasi cha maji walichopangiwa, si hiki changu.

Halafu mwenzako wa chumba lazima ajue mambo haya kabla hujaumwa. Kama unatapika kwa saa nne au zaidi na hakuna kinachobaki tumboni, kama umechoma na bado vipimo viwili mfululizo viko juu ya 15, kama unapumua kwa nguvu, kama unasinzia na kujibu ovyo, akutafutie usafiri. Na akifika mapokezi aseme neno "kisukari" kabla ya neno "mafua". Foleni inakwenda tofauti.

SWALI

Shikamoo mama. Mama yangu mzazi ana miaka 63 na kisukari cha aina ya pili. Anatumia glibenklamaidi asubuhi, metfomini mara mbili kwa siku, na losatani ya presha. Alikula chakula msibani akaharisha na kutapika. Sisi tukahakikisha hakosi dawa hata moja, maana kliniki wanasisitiza hivyo. Siku ya pili jioni nikamkuta ametota jasho, anaongea maneno yasiyoeleweka. Tukasema malaria imempanda kichwani. Jirani mwenye mashine akampima: 2.3. Tukampa soda, akazinduka, tukalala tumefurahi. Alfajiri ikamrudia tena vilevile! Je, akiharisha aache dawa zote? – *Kijana wake, Morogoro*

JIBU

Marahaba baba. Wasomaji, barua hii na ile ya kwanza msizichanganye. Yule binti hana insulini yake hata tone, na dawa yake ni sindano. Mama huyu kongosho lake bado linafanya kazi, na anameza vidonge vya aina tofauti, kila kimoja na tabia yake.

Glibenklamaidi ndiyo iliyomwangusha. Kazi yake ni kulisukuma kongosho litoe insulini, na inasukuma awe amekula au hajala. Tena ni dawa inayokaa mwilini muda mrefu. Kwa mtu mzima, hasa figo zikiwa zimechoka kidogo, inaweza kuendelea kushusha sukari hadi siku ya pili. Soda ilimwamsha, soda ikaisha, dawa ilikuwa bado ipo. Ndiyo maana aliyeshuka kwa vidonge vya kundi hili hata akizinduka anapelekwa hospitali akaangaliwe. Mnaomhudumia nyumbani, sukari ikiwa chini ya 4 mpeni vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji nusu glasi, au nusu glasi ya soda ya kawaida, siyo ile isiyo na sukari. Pimeni tena baada ya dakika kumi na tano. Kama bado iko chini ya 4, rudieni. Ikipanda, ale kitu kinachokaa tumboni: uji, mkate, kiazi. Akiwa hajitambui msimmiminie chochote mdomoni. Mlazeni ubavu, mkimbie naye.

Hilo la malaria nalo halikuwa la kijinga. Malaria kali yenyewe hushusha sukari, na kwinini ya dripu pia hushusha. Lakini kwa mwenye kisukari aliyechanganyikiwa kidole kinatangulia, kipimo cha malaria kinafuata.

Metfomini haishushi sukari ghafla namna hiyo. Tatizo lake ni jingine: mtu akiharisha na kutapika anakaukiwa maji, figo zinapunguza kazi, dawa inajilimbikiza, na tindikali inaweza kupanda kwenye damu. Losatani na ndugu zake, pamoja na vile vidonge vya presha vinavyokojoza, navyo vinazibana figo zilizokwisha kukauka. Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili: akiwa anatapika au anaharisha na hawezi kula vizuri, metfomini na vidonge vya kusukuma kongosho vinasimamishwa kwa muda, na za presha piga simu kliniki siku hiyohiyo uwaulize. Akirudi kula na kunywa kawaida kwa siku moja hadi mbili, dawa zinarudi. Zirudi kweli, nimeona watu waliosimamisha kwa ajili ya tumbo la wiki moja wakakaa hivyo hadi Idi nyingine. Msimpe diklofenaki wala ibuprofeni kwa maumivu wakati amekauka, parasetamoli inatosha. Na kama anatumia, au siku moja atapewa, vidonge vipya vinavyotoa sukari kwa mkojo, vile ambavyo majina yake yanaishia na "gliflozini", hivyo vinaachwa mara tu akishindwa kula, kwa sababu vinaweza kuleta ketoni hata sukari ikiwa ya wastani tu, na mashine ya kawaida haitakuonya.

Lakini akiwa na mafua tu, anakula, anakunywa, anagombana na wajukuu, dawa zote ziendelee kama zilivyo.

Umeuliza pia, kwenye sehemu niliyoikata, kama ORS ni sumu kwake kwa sababu ni tamu. Hapana. Lita nzima ya ORS ina gramu 13.5 za glukosi. Chupa ya soda ya mililita 300 ina gramu 30 au zaidi za sukari. Mpeni ORS, na msome pakiti kabla ya kuchanganya, maana zipo za lita moja na zipo za nusu lita.

SWALI

Dada Nesi, salamu kutoka Likoni, Mombasa. Mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka 58. Nachoma insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni. Nilipata kikohozi cha kubana kifua. Nikapewa sharubati ya kikohozi na vidonge vya prednisoloni vya siku tano. Asubuhi sukari inasoma 7 au 8, jioni 17! Nikaitupa sharubati kwa hasira. Kliniki wakaniongezea insulini. Sasa nimepona, dawa zimekwisha, lakini usiku naamka nimelowa jasho na ndoto za ajabu, na asubuhi kichwa kinagonga. Je, kifua kimerudi? Na wiki ijayo nina miadi ya kile kipimo cha miezi mitatu, nikiahirishe? – *Mwalimu, Likoni*

JIBU

Kaka Mwalimu, sharubati uliionea. Ina sukari, ndiyo, lakini vijiko viwili vya chai mara tatu kwa siku havikufikishi 17. Aliyekufikisha huko ni prednisoloni. Ukiimeza asubuhi, nguvu yake kwenye sukari inaonekana kuanzia mchana hadi jioni, kisha usiku inalegea. Anayepima asubuhi tu, kabla ya kula, anaona 7 anajisifu, kumbe jioni nyumba inaungua. Mtu yeyote mwenye kisukari akipewa prednisoloni, au sindano ya deksamethasoni ambayo wengine huchomwa kwa kila maumivu kama vile ni vitamini, apime kabla ya chakula cha jioni. Na aseme mapema kwamba ana kisukari. Si kila anayeuza dawa atauliza. Waliokuwa wakiitumia kwa wiki nyingi wasiiache ghafla, lakini yako ya siku tano imekwisha salama.

Sasa hiyo jasho ya usiku. Sidhani ni kifua. Uliongezewa insulini kwa ajili ya ugonjwa na prednisoloni. Ugonjwa umekwenda, prednisoloni imekwenda, nyongeza imebaki. Homoni za dharura zimetulia, insulini imerudi na nguvu zake zote, na wewe unachoma kipimo cha vita wakati wa amani. Jasho, ndoto mbaya na kichwa cha asubuhi ni dalili za sukari kushuka usingizini. Leo usiku jipime kabla ya kulala na tena saa tisa usiku. Ikiwa chini ya 4, kunywa sukari kama nilivyomweleza yule kijana wa Morogoro, ule kitu, na asubuhi piga simu kliniki wakurudishe kwenye yuniti za zamani. Usingoje miadi. Kama bado unaendesha gari, usiguse usukani kabla ya kupima.

Kosa hili naliona sana, na mara nyingi si la mgonjwa. Kupandisha dozi kila mtu anakumbuka. Siku ya kuishusha haiandikwi popote. Ukiongezewa chochote kwa sababu ya kuumwa, uliza hapohapo: hii ni hadi lini? Waandike tarehe. Upande wa pili pia upo: wengine wakipona homa sukari hubaki juu kwa siku kadhaa, hata wiki moja au mbili, kwa sababu mwili bado unatengeneza ulipobomoka, au kwa sababu mtu amelala kitandani hatembei. Hao nao wasikimbilie kujiongezea. Wapime, waandike, waende na daftari.

Kile kipimo cha miezi mitatu usikiahirishe. Kinatazama wastani wa miezi miwili hadi mitatu, na siku chache za 17 hazitakiharibu sana. Ila kama katikati ya muda huo mtu aliugua malaria iliyompunguzia damu, au aliongezewa damu, amwambie daktari kabla ya majibu kusomwa, maana kinaweza kuonyesha picha nzuri isiyo ya kweli.

SWALI

Bibi, mume wangu ana kisukari na anakohoa. Naruhusiwa kumpa tangawizi, ndimu na asali? Na wageni wamemletea makopo matatu ya glukosi. – *Mama Unguja*

JIBU

Tangawizi na ndimu mpe ashibe. Asali ni sukari, hata ikitoka mzinga wa babu yake. Kijiko kimoja cha chai kwa ajili ya koo hakitamuua ikiwa sukari yake imetulia, lakini si kikombe kizima kila saa kama nijuavyo mnavyofanya. Glukosi ya kopo asinywe kwa "kupata nguvu". Wageni washukuru, kopo moja liweke karibu na kitanda kwa ajili ya siku sukari itakaposhuka, mengine wape wenye watoto wa mpira.

SWALI

Nesi, mimi ni mgonjwa wa kisukari na miguu yangu ina ganzi. Nina mafua, mama mkwe anataka nijifukize kwa majani na kuweka miguu kwenye beseni la maji ya moto. Ni sawa? – *Msomaji, Bagamoyo*

JIBU

Kujifukiza usoni kidogo, sufuria ikiwa imetulia mezani na si mapajani, sina ugomvi nako, mradi unywe maji baadaye kwa lile jasho. Miguu kwenye beseni, hapana. Mguu wenye ganzi haujui maji ya moto na ya vuguvugu. Unababuka huku wewe unasikia raha, na malengelenge unayaona kesho yake. Kama mama mkwe hatakubali mpaka umemridhisha, maji ayapime yeye kwa kiwiko chake, yawe vuguvugu tu, na usikae nayo zaidi ya dakika tano. Kisha ukaushe kati ya vidole, na umwombe akuangalizie nyayo kama kuna palipobadilika rangi.